Shikamoo ya Moshi

"Moshi hauwezi kuamkia," alisema Naibu Mkurugenzi, kwa sauti ya mtu aliyelisema jambo hilo kabla ya chai na bado ana nguvu ya kulisema baada ya chai.

"Unaweza," nikasema. "Wingu moja kubwa, polepole: shikamoo. Mawingu mawili madogo, ya haraka: marahaba. Nimejaribu jana nyuma ya stoo, kwa blanketi la chumba cha huduma ya kwanza."

"Na habari za nyumbani?"

"Mawingu matatu ya wastani."

"Na za watoto?"

"Hayohayo matatu, lakini unayapepea kulia."

"Upepo ukivuma kwenda kushoto?"

"Basi watoto hawajambo kushoto, bwana. Unataka nini?"

Mkurugenzi Mkuu akagonga meza kwa kalamu, tukanyamaza. Na kabla sijafika mbali, naomba niutangazie umma, kwa niaba ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Mbali, kwamba Mpango Kabambe wa Kurudia Hatua unaendelea vizuri, umefikia hatua ya tatu, na matunda yake yanaonekana kwa macho, hasa macho yanayotoa machozi.

Mimi ni Mkuu wa Kitengo cha Utangulizi wa Ujumbe, yaani salamu. Ofisi nzima wananiita Mama Salamu. Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Mamlaka ikaunda kitengo changu kishughulikie nusu iliyobaki. Nina stashahada ya mawasiliano, watoto wanne waliokua, na sauti inayosikika ghorofa mbili bila msaada.

Mpango ulianza na chati. Mchoraji mmoja alituletea chati kubwa ya karatasi nzito yenye picha saba za maendeleo ya mawasiliano ya mbali: mtu anapiga ngoma, mtu anakimbia, moshi unapanda, njiwa ana kikaratasi mguuni, nguzo za waya, simu ya mezani, na mwisho simu ya mkononi. Wengine tuliitazama tukasema picha nzuri. Mkurugenzi Mkuu aliitazama siku nzima, kisha akatuita na kutueleza kwamba amegundua kasoro ya kitaifa.

"Tumeruka," alisema. "Bibi yangu alizaliwa enzi za ngoma. Leo anatuma ujumbe wa sauti. Simu ya mezani hakuwahi kuishika. Njiwa wa kazi hakuwahi kumfuga. Huyo ni mtoto aliyetoka darasa la kwanza akaingia la saba. Tunamdai madarasa matano."

Tulipiga makofi. Hakuna aliyeuliza bibi mwenyewe ameathirika vipi. Ujumbe wake ulikuwa unafika, na Mkurugenzi mwenyewe alikuwa akilalamika kwamba ni mrefu.

Ikaamuliwa kwamba Mamlaka iwe mfano. Watumishi wote tutarudia hatua zote saba, kwa mpangilio, ndani ya jengo letu la ghorofa tatu, na tukifaulu, taifa litafuata. Simu zetu tukazikabidhi. Kila asubuhi zinaingia kwenye kabati la chuma ofisini kwa Mkurugenzi, ufunguo unaning'inia shingoni mwake kwenye utepe mmoja na kitambulisho, na jioni tunarudishiwa. Nyumbani tuliruhusiwa kuendelea kuruka hatua, kwa kuwa bajeti haikutosha kuzirudisha nyuma na nyumba zetu.

Kanuni zilikuwa chache. Kwanza, ujumbe wa kazi utumwe kwa njia ya hatua husika tu. Ukija kwa njia nyingine, hesabu haujapokewa. Pili, kila ujumbe utanguliwe na salamu kamili, na hatua haihesabiwi kukamilika mpaka salamu hizo zimeitikiwa. Hiyo niliiandika mimi, na sijuti. Hatuwezi kuwa watu wa kutokea tu mlangoni na kusema nyumba inaungua, hata hodi hatujapiga. Tatu, mdogo ndiye aanze kuamkia, na udogo utazamwe kwa cheo, si kwa umri. Hiyo aliiongeza Mkurugenzi. Ni rika moja na kitindamimba wa mama yangu. Siku aliyozaliwa, mimi tayari nilikuwa natumwa dukani na chenji narudisha. Lakini kanuni ni kanuni. Kila asubuhi nilimwambia shikamoo, naye akajibu marahaba huku anatafuta miwani.

Hatua ya ngoma ilifanikiwa. Mlinzi alipewa ngoma kwa sababu ndiye mwenye mikono, akawa anapiga getini, na Mkurugenzi anaitikia kwa kugonga dirisha la ghorofa ya tatu. Salamu zilianza ofisi ilipofunguliwa, na jua la utosi lilitukuta bado kwenye "wazee nao hawajambo?" Ujumbe wenyewe ulikuwa kwamba chai iko tayari. Ripoti yangu ilisema ujumbe ulifika ukiwa umepoa.

Hatua ya mkimbiaji nayo ilifanikiwa. Dereva alinyang'anywa funguo za gari akaambiwa akimbie. Dereva ni mtu wa kitambi, na kitambi kile kilijengwa kwa kukaa. Alifika ofisini kwa Mkurugenzi akiwa amelowa, akatoa salamu zote, pamoja na nyingine ambazo hatukumtuma, akavuta kiti, akaomba maji.

"Na ujumbe?" Mkurugenzi akamuuliza.

"Ujumbe gani, mzee? Walikuwa wanasalimia tu."

Ripoti ilisema salamu zilifika kwa ziada.

Sasa siku hiyo ninayoisimulia ilikuwa ya moshi, na haikuwa siku ya kawaida, kwa sababu Bi Katibu wa Wizara alikuwa anakuja kushuhudia. Ndiyo maana tulikuwa tunagombana mapema. Mkutano ulifanyika ofisini kwa Mkurugenzi, chati ukutani, kabati pembeni, na Naibu akiwa ndiyo kwanza amefungua mdomo kuuliza moshi utaulizaje habari za wagonjwa.

Kabati likawika.

Liliwika kama jogoo, mara moja tu, likanyamaza.

Jogoo yule ni wangu. Ndio mlio wa simu yangu, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anangojewa kunibipu. Binti yangu, mzaliwa wangu wa kwanza, alikuwa hospitali katika mji wa mbali, mimba yake ya kwanza, siku zimetimia. Binti huyu haogopi kitu chochote duniani isipokuwa maumivu. Aliwahi kuzimia kwa mwiba, na mwiba wenyewe ulikuwa kwenye mguu wa mdogo wake. Mumewe alikuwa naye, lakini huyo naye anahitaji mtu wa kumshika. Tulipatana mimi na binti yangu: "Mama, uchungu ukianza nitakubipu. Ukiona bipu, nipigie, na usikate mpaka umsikie mtoto analia." Nikamwahidi. Nilimwahidi nikiwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi, na mimi nikiahidi na mwiko mkononi, huwa sirudi nyuma.

Bipu, niseme wazi, haimo kwenye chati. Niliwahi kumuuliza Mkurugenzi imewekwa wapi, nikamweleza kwamba simu inayolia mara moja na kukatwa imeshapeleka habari nyingi kuliko njiwa wote wa dunia. Alinijibu kwamba bipu si teknolojia, bipu ni ubahili.

"Mkurugenzi," nikasema, "ile ni simu yangu. Binti yangu ameshikwa na uchungu. Naomba ufunguo."

Akaushika ule ufunguo kifuani kama mtu anayeshika moyo.

"Hongera sana, Mama Salamu. Lakini tukifungua kabati tukiwa hatua ya tatu, tumeruka hatua tatu kwa mpigo. Na leo anakuja Bi Katibu."

"Sitaki kuruka. Nataka kupiga simu."

"Wajukuu walizaliwa katika hatua zote hizi," akasema, akionyesha chati kwa kalamu. "Bibi zetu walipokea habari zao kwa mkimbiaji, na hatujasikia wakilalamika."

"Bibi zetu walikuwa chumbani na mzazi, wamemshika mkono. Hawakuwa kwenye mkutano wa moshi."

Naibu akakohoa. "Kwa tafsiri yangu ya kanuni," akasema, "kabati linaloita si mawasiliano. Ni samani yenye sauti."

"Naibu, wewe una watoto?"

"Wawili."

"Nani aliwazaa?"

Akaangalia karatasi zake.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alinihurumia kadiri ya mamlaka aliyonayo. "Tukikamilisha moshi leo," akasema, "nitaunda kamati ndogo ya kutazama uwezekano wa kuharakisha njiwa."

Mtu atauliza kwa nini sikutoka nikaenda duka la ng'ambo ya barabara nikaazima simu. Niliwaza hivyo. Mwenye duka ni mtu mwema, angenipa. Lakini namba ya binti yangu siijui. Zamani nilikuwa na namba kichwani kama watu wengine: ya kazini, ya shuleni, ya jirani mwenye simu ya mezani aliyekuwa akituitia watu dirishani. Simu ya mkononi ilipofika, namba zote zilihama kichwani zikaingia humo, wala hazikuaga. Binti yangu siku hizi namjua kwa jina tu, Mwanangu wa Kwanza. Na Mwanangu wa Kwanza alikuwa ndani ya kabati la chuma, anawika.

Basi tukaenda kwenye moshi. Nilijiambia moshi ukiisha haraka, ufunguo utatoka haraka. Nikavaa viatu vya chini.

Dereva na Mlinzi walipandisha pipa hadi juu ya paa, wakapandisha makaa, majani mabichi na blanketi. Kisha wakaamriwa kushuka, kwa kuwa Mkurugenzi alishaelekeza kwamba mahali pa juu ni pa mkubwa. Atakaa peke yake. Sisi wadogo tutakuwa uani, karibu na geti, na karai letu la moto. Mimi nitaanza na shikamoo, yeye ataitikia marahaba, tutajuliana hali, halafu utafuata ujumbe wa kihistoria, ambao ulikuwa bado unapitiwa na Naibu.

Mlango wa paa ni wa chuma. Una kitasa upande wa ndani tu. Cha nje kilianguka mwaka wa mvua nyingi, na cha kubadilisha hakikuwahi kuidhinishwa, kwa sababu mwenye kuidhinisha hakuwahi kupanda paa. Kwa hiyo huwa tunauzuia kwa jiwe. Kila mtu katika jengo lile anajua kwamba jiwe lile haliguswi. Mkurugenzi alipofika juu aliona pipa lake linayumba, akatafuta kitu cha kuliwekea chini lisimame sawa, akaona jiwe.

Sisi chini tulikuwa hatujui. Nilikuwa nimechutama, napuliza karai. Moto ukashika vizuri. Nilikuwa ndiyo nanyanyua gunia bichi nitoe shikamoo, Mlinzi akatokea nyuma yangu na ndoo, akamwaga maji yote juu ya moto, na kidogo juu yangu. Kiberiti kilikuwa pembeni ya karai. Nacho kikapata sehemu yake.

"Unafanya nini, baba?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidole ukutani. Pale getini kuna kibao: NI MARUFUKU KUWASHA MOTO ENEO HILI. KWA AMRI, MKURUGENZI MKUU.

"Lakini huu ni moto wa Mkurugenzi."

"Wa Mkurugenzi uko juu," akasema Mlinzi. "Kule hakuna kibao."

Nikamgeukia Naibu. Alilitafuta jibu akalikosa, na yeye hulala na kanuni chini ya mto.

Juu, mlango ukagongana na fremu yake. Ulitoa mlio wa chuma unaosikika barabarani. Tukamwona Mkurugenzi anageuka, anakwenda, anarudi. Akatokea ukingoni mwa paa, akatupungia mkono, akaonyesha nyuma yake.

"Anaomba kitu," Dereva akasema.

"Mkono haumo kwenye chati," Naibu akasema.

Mkurugenzi akaweka viganja mdomoni. "Mlango umejifunga," akaita.

Tulimsikia sote. Hata mwenye duka ng'ambo ya barabara alimsikia, na wateja wake wawili, na mmoja wao akauliza mlango gani. Naibu alisimama wima, anatazama mbele.

"Naibu, umesikia?"

"Nimesikia," akasema, "lakini sijapokea."

Msimlaumu. Wiki iliyotangulia alipewa onyo kali kwa kupokea ujumbe wa dirishani.

"Mtu apande anifungulie," Mkurugenzi akaita tena.

"Na huo?"

"Huo pia sijaupokea. Na ningemshauri asiendelee. Anajichafulia takwimu."

Ndipo jogoo akawika tena kutoka dirisha la ghorofa ya tatu. Mara moja, kimya. Nikajua binti yangu yuko kule amelala ubavu, anatazama simu, anajiuliza mama gani huyu. Nikafungua lango la ngazi, nikapanda.

Nilipofika juu nilikuwa nahema. Nikagonga ule mlango wa chuma.

"Hodi."

"Nani huyo? Mama Salamu?" Akakohoa. "Afadhali. Fungua."

"Nafungua sasa hivi. Nipitishie ule ufunguo hapo chini. Kuna nafasi, hata paka anapita."

Kikohozi kingine.

"Ufunguo wa kabati ni suala la sera," akasema.

"Na kitasa hiki?"

"Kitasa ni kitasa."

"Basi kitasa kiko kwangu, sera iko kwako. Tubadilishane."

"Unanitishia?"

"Mwanangu ananiita, na wewe unaniita. Yeye ndiye aliyeanza."

"Mama Salamu, mimi naamuru ufungue."

"Umeamuru kwa njia gani?"

"Kwa mdomo. Hunisikii?"

"Nakusikia sana. Lakini leo ni moshi, Mkurugenzi, na kanuni umeziweka sahihi wewe. Ujumbe huu wa mlangoni ukifika kwa Naibu, ataniuliza kwa nini nimeupokea, na mimi sijawahi kupata onyo tangu niajiriwe."

Nikasikia anazungukazunguka. Moshi ulikuwa unapenya chini ya mlango, na ulikuwa moshi mzuri, wa majani mabichi, ule nilioupendekeza mimi.

"Siwezi kutuma ujumbe," akasema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka cheo. "Ujumbe unatanguliwa na salamu. Na wewe hujaniamkia."

"Nisingeweza. Moto wangu umezimwa kwa amri yako, iko ukutani. Wako ndio unaowaka."

"Kwa hiyo unataka mimi nianze?"

"Mimi sitaki kitu. Mwenye shida ndiye huanza kuamkia. Nimewafundisha hivyo watoto wanne, na hata yule mkaidi alielewa. Ukimaliza, utupe na ufunguo. Kitasa kipo, hakiendi kokote."

Nikashuka. Kila ngazi niliyoshuka moyo wangu uliniambia rudi ukamfungulie, huyo naye ni mtoto wa mtu. Lakini mtoto wangu mimi alikuwa ndani ya kabati.

Nilipofika uani, gari la Wizara lilikuwa limeshaingia. Bi Katibu ni mwanamke mfupi, mkoba mdogo, haraka nyingi. Husikiliza huku ameinamisha kichwa, kama anayenunua tikiti maji. Alikuwa amesimama juani na Naibu anamweleza mafanikio.

"Mkurugenzi yuko wapi?"

"Juu, mheshimiwa. Kwenye kituo cha juu."

Wote tukatazama paani. Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu likatoka wingu.

Moja. Kubwa. Polepole. Lilijikunja pembeni, likajikunjua, likapanda juu ya jengo la Mamlaka ya Mawasiliano ya Mbali mpaka watu wakatoka madukani kulitazama. Mimi niliyemfundisha nilisisimka mwili. Mkono wa blanketi alikuwa nao, lazima niseme. Kazi ile ingemfaa tangu mwanzo.

"Ndiyo nini?" Bi Katibu akauliza.

"Ni shikamoo, mheshimiwa," akasema Naibu, yule aliyeniambia asubuhi kwamba moshi hauwezi kuamkia.

"Ananiamkia mimi?"

"Hapana. Salamu zinakwenda kwa mkuu wa kituo cha chini." Akaninyooshea kidole. "Ni huyu mama hapa."

"Mkurugenzi Mkuu anamwamkia mama huyu?"

"Kwa mujibu wa kanuni, ndiyo."

Bi Katibu akanitazama mvi, akatazama juu, akatazama mvi tena. "Si vibaya," akasema. "Nilidhani amesahau."

Kisha kitu kikaanguka kutoka juu, kinazunguka na utepe wake, kikatua ndani ya karai lenye majivu yaliyolowa. Kitambulisho cha Mkurugenzi kilitazama juu, kinatabasamu. Ufunguo ulikuwa chini yake.

"Kitu kilichorushwa hakimo kwenye chati," Naibu akaanza.

"Umekipokea?"

"Nimekiona tu."

"Basi nipishe."

Nilipanda ngazi zile kama nilivyokuwa napanda nilipokuwa msichana na nyumbani kuna mgeni. Nikafungua kabati. Simu zote zilikuwa mle, zimelaliana, na yangu ilikuwa juu. Nikabonyeza Mwanangu wa Kwanza.

"Mama, ulikuwa wapi?" Analia.

"Kwenye moshi. Niko hapa sasa, sikati. Vuta pumzi. Mumeo yuko wapi?"

"Amekaa chini. Muuguzi anampepea."

"Mwache apepewe. Wewe vuta pumzi."

Nyuma yangu wenzangu walikuwa wameshafika, kila mtu anachukua yake, na Bi Katibu anapanda taratibu akiuliza maswali ambayo Naibu alikuwa anayajibu nusunusu, kwa kuwa simu yake nayo ilikuwa imeanza kuita. Mimi nilikuwa na ahadi ya pili. Nikabana simu kati ya sikio na bega, nikapanda hadi kwenye mlango wa paa, Dereva nyuma yangu, nikashika kitasa kwa mikono miwili. Kikazunguka, lakini mlango ukakataa. Chuma kile kikipata joto huvimba.

"Siwezi, mama," binti yangu akasema. "Wananiambia nisukume, siwezi."

"Unaweza. Sukuma."

"Nasukuma," akajibu Mkurugenzi nyuma ya mlango.

"Si wewe. Wewe ngoja kwanza."

"Nani huyo, mama?"

"Ni wa kazini. Endelea. Pumzika kidogo, halafu kwa nguvu zote."

"Nisukume au nisisukume?" Mkurugenzi akauliza.

Nikaona nitapoteza sauti bure. "Haya," nikasema, "wote wawili. Vuta pumzi. Sasa sukumeni."

Nikavuta kitasa. Mlango ukatoa mlio, ukaachia, na Mkurugenzi Mkuu akatoka kwa kichwa, mweusi kwa masizi, amefumba macho, amejiviringisha blanketi la huduma ya kwanza, akaanguka mikononi mwa Dereva. Na sikioni mwangu, palepale, kilio. Kwa kitambo sikujua ni nani kati yao analia.

"Ni msichana, mama," binti yangu akasema.

Nikakaa kwenye ngazi. Simu sikukata. Niliahidi mpaka mtoto alie, lakini alivyokuwa analia, sikuona sababu ya kumkatiza.

Bi Katibu alifika juu, akasubiri Mkurugenzi afute macho.

"Nilikuja kushuhudia maendeleo," akasema. "Mpango umefikia hatua gani?"

Mtu mwingine angedanganya. Mkurugenzi wetu ni mtu wa kanuni, na kwa hilo namheshimu. "Ya tatu, mheshimiwa," akasema. "Lakini haijakamilika. Salamu haijaitikiwa."

"Na ninyi wengine?"

Naibu alishusha simu sikioni. Siku zote amekuwa mwepesi wa kupokea kinachotoka juu. "Sisi wengine tumeshafika ya saba, mheshimiwa."

"Msirudi nyuma. Aliyebaki ni mmoja tu." Akamgeukia Mkurugenzi, kwa upole kabisa. "Wewe usiruke. Nimeona hoja yako na naiunga mkono. Endelea na hatua zako, moja baada ya nyingine, mpaka ufike tulipo. Njiwa wapo?"

"Wameagizwa, mheshimiwa."

"Safi. Simu yako ikae kabatini. Ufunguo anao nani?"

Nikanyanyua utepe. Nilikuwa nimeuvaa, maana mikono yangu ilikuwa na kazi.

"Ubaki hapohapo," akasema.

"Lakini mheshimiwa," Mkurugenzi akasema, "siwezi kuingia kwenye njiwa. Nimeeleza kwamba ya tatu bado."

"Basi itikieni huko, mnangoja nini?"

Karai la uani lilikuwa supu. Pipa la paani bado lilikuwa na makaa, lakini majani yote yalikuwa yameishia kwenye ile shikamoo kubwa. Nikatafuta kitu cha kuchoma. Nikateremka ofisini, mjukuu wangu bado analia begani, nikaing'oa chati ukutani, nikaikunja mara moja, mara mbili. Ilikuwa karatasi nzuri, nzito, kavu. Mlinzi alikuwa anapanda ngazi na ndoo yake. Nikamwambia kule hakuna kibao, akaketi.

Nikarudi paani, nikaitia chati ndani ya pipa. Ilianza kuungua upande wa simu ya mkononi, ikarudi nyuma picha kwa picha, kwa mpangilio, hadi kwa mtu wa ngoma. Nikamvua Mkurugenzi blanketi, nikalitandaza juu yake, nikaliinua. Nikalitandaza tena, nikaliinua.

Mawingu mawili madogo, ya haraka.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia Mkurugenzi.